King'ora Kilichouliza Majina

Mwanangu, nakumbuka siku moja tulikuwa Kharumwa, ndani ya kibanda cha mabati kando ya duara, yaani shimo la dhahabu. Jana yake tulikuwa tumemzika Masanja, mchimbaji wa duara hilo. Mimi nilikuwa kijana bado, fundi wa programu, mwenye maneno mengi kuliko akili.

Maji yalikuwa yamevunja ukuta kule chini watu wakiwa kazini. Masanja akabonyeza kitufe cha hatari, ili king'ora kilie juu na watu wa winchi washushe kamba. Hakikulia. Programu yetu ilikuwa kwanza inapiga hodi kwenye kompyuta ya ofisi, mbali kule mjini Kalangalala, itafute jina kwenye kadi ya kazi ya aliyebonyeza, ihakikishe anaruhusiwa kushuka. Na siku hiyo mvua ilikata mtandao. Ikapata kosa, ikasubiri, ikajaribu tena, ikasubiri. Kilipokuja kulia, wenzake walishakwea ngazi wakatoka. Yeye alibaki palepale kwenye kitufe.

Mkuu wetu, Mama Kulwa, alitaka mistari ile ya programu ifutwe kabla zamu nyingine haijashuka. Nikabisha, kijana mimi. Nikasema tahadhari kabla ya hatari, afadhali tuongeze ukaguzi mwingine, wa mtandao. Hakupandisha sauti.

“Aliyeko chini kadi yake ilishakaguliwa getini,” akasema. “Mtu anazama, wewe bado unamuuliza jina?”

Nilikosa pa kuweka uso. Akafuta kule kutafuta jina, akafuta na kule kusubiri. Ukaguzi mmoja tu aliuacha: waya wa kitufe ukikatika, king'ora kilie chenyewe, maana hilo hakuna mwingine wa kuliangalia.

Fundi umeme akashuka, akabonyeza. Kikalia papo hapo. Nje ya uzio alisimama mama yake Masanja, amefuata nguo za mwanawe. Nikamwambia, pole mayu, pole mama. Akanitazama.

“Kumbe kinaweza kulia haraka hivi?”



Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Ukiandika programu, uliza kila mstari unazuia hatari gani, na kama hatari hiyo haijazuiwa tayari mlangoni. Ulichokwisha kukijua usikitafute tena. Kisicho na kazi kifute, hata kama ulikitolea jasho, na woga wako usiuite umakini. Mungu auongoze mkono wako, na yeyote atakayekuita akiwa shimoni, umsikie mara ya kwanza.