Fahirisi ya Ntambo

Neno moja tu ndilo lililonipandisha hasira. Mkuu wangu wa kazi, anayekaa Dar es Salaam na ambaye hajawahi kuipanda milima ya Mbinga, aliliandika kando ya sehemu ya jina la ukoo katika modeli ya mkulima, yaani mpangilio wa taarifa zake kwenye programu tuliyokuwa tunaviandikia vyama vya kahawa. Kwa neno hilo hifadhidata ikajitengenezea fahirisi, ya kuruka moja kwa moja hadi kwa mtu, kama ile ya nyuma ya kitabu. "Ndivyo tunavyofanya kila mahali," akaniambia kwenye simu.

Kila mahali si kwetu. Umatengoni nusu ya foleni ina jina moja la ukoo. Pale kwenye chama cha msingi cha wakulima karani aliandika jina la ukoo, mashine ikamletea umati, akaanza kusoma mmoja mmoja huku manyunyu yakilowesha viroba vya kahawa. Cha mama yangu mdogo kikalowa, kikashushwa daraja. Nilitamani kumpigia mkuu nimtukane kwa Kimatengo.

Sisi tukikutana na mtu hatuulizi ukoo, tunauliza ntambo wake: mgongo wa mlima kati ya vijito viwili, wanapokaa jamaa wa babu mmoja. Na fremuweki tuliyojengea programu hiyo inakuruhusu kutunga fahirisi yako ndani ya modeli, ukaunganisha sehemu mbili. Nilibishana mpaka koo likanikauka, ndipo nikaruhusiwa kuunganisha ntambo na jina la ubatizo, na karani akawa anauliza hayo mawili tu. Majibu yalikuja kwa kufumba na kufumbua. Nikavimba kichwa.

Msimu uliofuata mama mdogo akaleta kiroba kikavu.

"Ntambo gani, mama?" karani akauliza.

Akataja wa baba yake, alikorudi baada ya wakwe kumnyang'anya shamba alipofiwa na mume. Mashine ikajibu papo hapo: hakuna mkulima huyo. Ilimjua kwenye ntambo wa mume tu.

"Mama, taja ule wa marehemu baba mdogo," nikamnong'oneza. "Kahawa ipokelewe, nitarekebisha baadaye."

"Kule walinifukuza. Sitajiita wa kule."

Nje wapakizi walikuwa wanafunga turubai la lori la kahawa, tayari kuondoka. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia karani, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, akijitwika kiroba chake, "mashine ya kwanza ilinichelewesha, lakini ilinijua. Hii yako inanikana upesi."