Tulivyoingiza quad bike mikokoni, na kibao nilikuwa nimeshakisoma

Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi, ndipo mambo yalipoanza.

Wakuu, salamu zenu nyote. Mimi humu husoma tu, kuandika naona haya. Hii sikuitia chumvi hata chembe.

Niko Form Three, kwetu Kibokoni. Binamu yangu Fahmi ni fundi wa gereji moja huko Ganjoni. Siku hiyo alikuja na quad bike, ile pikipiki ya matairi manne. Ya mteja! Ati ameshaitengeneza, sasa anaijaribu.

"Panda nikupeleke off-road."

Kisiwani hapa off-road iko wapi? Tukaishia mikokoni upande wa Tudor. Maji yametoka, tope linang'aa, Fahmi analitazama kama halua.

Pembeni palikuwa na kibao: MSITU WA SERIKALI. USIINGIZE CHOMBO CHA MOTO BILA KIBALI.

Nilikisoma chote. Nikanyamaza.

(Mimi matatu ikinipitisha stage yangu pia hunyamaza, nikashuka mbele nikarudi kwa miguu. Mnivumilie.)

Kwetu huingii kichakani bila hodi, hujui nani anakaa. Fahmi akaita, "Hodi! Hodi! Hodi!" Kimya. Akatia gia.

Hatukufika mbali. Tairi zote nne zikazama.

Akatokea askari wa misitu, mama mmoja na gumboots zake.

"Nani kawaruhusu?"

"Shikamoo afande. Tulipiga hodi," akasema Fahmi.

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Mkajibiwa?"

"La."

"Na asiyejibiwa hodi tatu hufanyaje?"

Fahmi akatazama mbingu.

"Hurudi kwao," nikajibu mimi.

"Yakhe, wewe uko upande gani?" Fahmi akaninong'oneza. Kisha akajitia wakili: "Lakini afande, hii ni mikoko tu. Msitu si ule wenye ndovu?"

"Mikoko pia ni msitu wa serikali, kijana. Chombo hakiingii bila kibali, na ukiwa nacho unafuata njia, hukanyagi miche. Hiki nakipeleka kituoni."

Wallahi Fahmi alikauka. Chombo cha mtu kikishikwa, kazi hana tena.

Nikasema, "Afande, kibao nilikiona. Yeye hakukiona. Nilinyamaza."

Akanitazama mpaka nikatamani tope linimeze. Kisha akahesabu miche tuliyovunja: kumi na mmoja.

"Kwa kuwa umesema kweli, kituoni hakiendi. Kisukumeni mkitoe, injini isiwake, kabla maji hayajajaa. Na kesho saa mbili mje mpande mingine."

Tulisukuma, wakuu! Kiatu changu cha kushoto kiko huko mpaka leo. Lakini chombo kilitoka, na kazi ya Fahmi ikapona.

Funzo: kabla ya kuingia na chombo chochote, uliza ardhi ni ya nani na njia inaishia wapi. Na ukiona kibao, sema, hata kama sauti inatetemeka. Nani mwengine hakujua mikoko ni msitu? Jitokezeni, msiniache na aibu peke yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimepiga magoti topeni napanda, nikaona mtu anakuja na pikipiki. Nikasimama, nikapiga ukelele: "Simama hapo hapo! Huu ni msitu wa serikali! Kibali kiko wapi?"

Maskini akasimama, mikono juu. Yuko barabarani kabisa, amebeba miche yetu iliyobaki ya kupanda.