Gari la Kumfaa Fuad

Raihana alizijua injini kabla hajajua kupika mkate wa sinia. Babake alikuwa fundi wa malori Tononoka, naye tangu akiwa kigoli ndiye aliyekuwa akimpokeza spana. Alipoolewa na Fuad, karani wa bandarini, akahamia Kibokoni, katika Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba hata mikokoteni hupishana kwa taabu. Mapenzi yake ya magari akayaweka kando. Miaka ikapita, binti yao Mahira akakua akaolewa Lamu.

Kisha Fuad akapatwa na kiharusi. Mguu wa kushoto ukawa mzito, na mtu aliyezoea kwenda Marikiti kwa miguu kuchagua embe akawa wa kukaa dirishani. Tuktuk ilimtikisa mpaka akarudi nyumbani amekunja uso. Hapo Raihana akasema, "Nitatafuta gari, tena nitaitafuta mwenyewe."

La kwanza lilikuwa kigari chekundu, kidogo. Alirudi nacho ana oili mpaka kwenye kipaji cha uso, akacheka peke yake mlangoni. Fuad akaketishwa, wakazunguka hadi Kizingo na kurudi.

"Fupi mno, Mama Mahira," Fuad akasema. "Goti halikunjiki vyema."

Raihana akakiuza kwa Kioko, mwenye gereji ya Tononoka palepale alipofanyia kazi babake, akaleta gari la juu lenye magurudumu makubwa. Fuad akasema ni kama kupanda ngazi za dari. Likaja la tatu, lililokuwa la kubebea mizigo. Hilo lilikuwa gumu kama benchi la chuoni. Kila safari Raihana hushinda gereji akitega sikio kwenye boneti, halafu jioni humhadithia mumewe kila kitu, kikombe cha kahawa kikipoa mkononi mwake. Fuad naye huuliza, na akijibiwa huuliza tena.

La nne lilikuwa Pijo ya zamani, rangi ya maziwa. Raihana alizisafisha plagi zake moja moja, akavishona vitambaa vya viti kwa mkono wake.

"Yabembeleza mno," akasema Fuad. "Nasinzia kabla hatujafika."

Siku alipoiuza hiyo, Raihana alirudi akaenda kulala bila kula.

Mwaka ukielekea kwisha, alasiri moja alikuwa ameitwa na jamaa zake kwenye matayarisho ya harusi. Alikuwa amesahau miwani, akarudi kuichukua. Alipofika mwisho wa kichochoro akamwona Kioko amemjia Fuad kumpeleka kliniki. Gari la Kioko lilikuwa limekaa chini, karibu liguse lami. Fuad akageuka, akaketi, akauinua mguu kwa mkono na kuuingiza ndani, huku akicheka kwa neno aliloambiwa.

Raihana akasimama palepale mpaka gari likaondoka. Waliporudi akamngoja Kioko aage.

"Fuad," akamwita kwa jina, jambo asilolifanya ila ameudhika. "Gari ya Kioko ni fupi kuliko ile nyekundu."

"Ni kweli."

"Na goti lako?"

Fuad akaitazama fimbo yake. "Goti halikuwa na neno."

"Basi mwaka mzima wanizungusha juani?"

"Nilipokuwa kitandani ulikuwa ukinitazama kama nishakufa. Miezi hukucheka, Raihana. Siku ile umekuja na oili usoni, ukacheka. Nikaona gari ikishapatikana, ile furaha itakwisha. Nikalisingizia goti."

Raihana alikaa kwenye ngazi, buibui lingali mwilini. Machozi yakamjia, na hasira zisimtoke.

"Ile Pijo niliipenda."

"Sikujua."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Fuad akasema polepole. "Nisamehe, mama."

Raihana aliingia jikoni akatwanga bizari kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika, lakini chakula akampakulia yeye kwanza, kama siku zote.

Asubuhi akamtolea kanzu safi. "Vaa. Kizingo kuna bwana auza gari. Leo twenda sote, na ukiona kasoro utaisema mbele ya mwenyewe."

Lilikuwa gari la buluu, refu nyuma, lililotunzwa. Mwenyewe akawapa funguo wapate kulijaribu. Wakafuata barabara ya Mama Ngina, upepo wa bahari ukiingia madirishani. Fuad alisikiliza kwa makini, kisha akauliza ni mlio gani ule unaosikika kila gia inapobadilika.

Raihana akaanza kumweleza. Walipofika mwisho wa barabara alikuwa hajamaliza, kwa hivyo akageuza gari wakapita tena, naye Fuad amemwelekea, mkono wake wa kulia umeshika ukingo wa kiti cha mkewe.

Gari hilo wanalo mpaka sasa, na hulilaza karibu na Ngomeni, maana kichochoroni halipiti. Magari ya kununua hawatafuti tena. Lakini Jumamosi huenda gereji kwa Kioko, Raihana akaangalia injini za watu, na Fuad huwekewa kiti kivulini amtazame.