Kiti cha Nyuma cha Pikapu

Kiti ninachokalia jioni hapa barazani kwangu ni kiti cha gari. Ni kile kirefu cha nyuma cha pikapu ya milango minne, kitambaa cha kijivu, na kina tundu la sigara lililoachwa na mtu aliyekuwa na gari hilo kabla yetu. Wageni wakija wanakishangaa. Wanakaa, wanajirusharusha kidogo kama watoto, halafu wanauliza gari lenyewe liko wapi. Nawaambia liko barabarani linafanya kazi, na linafanya kazi vizuri kwa sababu kiti chake kiko hapa.

Mimi nimezaliwa huku juu, Uluguru, upande ambao asubuhi ukungu ukiondoka unaona mabati ya Morogoro mjini yakimeta kule chini. Shamba ni la mama yangu. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo likawa langu, litakuwa la binti yangu, na baada yake ni la mjukuu wangu wa kike. Tunalima karoti, njegere, magimbi na ndizi. Na tangu nilipopata akili, mazao yote hayo tuliyateremsha kwa kichwa. Unakunja jani kavu la mgomba, unatengeneza kata, unaweka tenga juu yake, unashuka. Magari yalikuwa yanaishia chini ya kona moja mbaya, yenye mteremko mkali na udongo mwekundu unaoteleza. Tunaiita Shikamoo, kwa sababu hakuna gari linalofika pale likapita bila kuiamkia kwanza.

Shingo yangu ikagoma. Haikugoma kwa adabu, iligoma siku moja nikiwa na tenga la karoti kichwani, nikabaki nimegeukia kulia kama kuku aliyesikia jambo. Daktari akasema sasa basi, kichwani usiweke hata ndoo. Binti yangu anakaa kule mjini, Mwembesongo, ana genge la mboga mbele ya nyumba. Alikuja mwenyewe kunichukua.

"Mama, twende ukakae kwangu."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu. Upumzike."

"Nikipumzika mbele ya luninga yako, wale watu wanaogombana kwenye tamthilia wataniua mapema."

Nilikwenda. Ningefanyaje? Karoti zilikuwa zinaozea ardhini na wa kuzibeba hayupo. Masika yote nilikaa Mwembesongo, na sitasema uongo, binti yangu alinitunza. Alinipa kitanda chake mwenyewe chenye chandarua kipya, akalala na wajukuu. Chai ya tangawizi inanifuata chumbani. Lakini kila nikiamka nilikuwa natoka uani natazama mlima, na mlima unanitazama. Binti akiniona ananiita ndani, eti baridi. Alijua vizuri kwamba si baridi.

Aliyenisikia bila mimi kusema ni mjukuu wangu. Huyu ni fundi magari, amesomea, anafanya kazi gereji pamoja na wanaume na anawazidi kelele. Mimi na yeye tunaitana mke mwenzangu, kama inavyotakiwa kati ya bibi na mjukuu. Alinunua pikapu kuukuu ambayo wenzake gereji walikuwa wanaipita kama maiti. Akaitengeneza mpaka ikanguruma, halafu akamwambia mama yake wakati tunakula:

"Mama, gari hili likifika mlangoni kwa bibi, bibi anarudi kwake. Mzigo hatabeba tena, nitakuwa naufuata mimi."

"Na lisipofika?"

"Lisipofika, anabaki kwako. Na mimi sitalisema tena jambo hili."

Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama ugali. Hapo ndipo maisha yangu yalipowekwa, kwenye magurudumu ya kile chuma kibovu.

Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Alirudi jioni ananuka klachi iliyoungua, uso umejaa matope, meno tu ndiyo meupe. "Limekataa, bibi. Limefika katikati ya Shikamoo likakosa pumzi." Nikamwambia atie injini kubwa. Akasema injini kubwa anaiona kwenye ndoto. Akazunguka lile gari, anagonga hapa, anagonga pale, kama mtu anayechagua tikiti maji. "Injini itabaki hiihii," akasema. "Basi nitapunguza inachokibeba."

Jamani, alilivua lile gari uani! Aliteremsha keria ya chuma juu ya paa. Akang'oa ile ngao ya chuma ya mbele, nzito kama lango la jela. Zikafuata spika mbili kubwa, sanduku la zana, tairi la akiba na hicho kiti cha nyuma ninachokikalia. Dereva bajaji wa jirani alikuwa anachungulia juu ya ukuta.

"Dada, ukimaliza kung'oa utatuachia usukani?"

"Usukani nitakuachia wewe, labda utajifunza kuendesha."

Mimi nikamuuliza, "Mke mwenzangu, na mimi nivue kandambili?"

"Bibi, wewe ni mzito kuliko vyote hivi, ila wewe hung'oleki."

Halafu akawasha, akazunguka mtaa. Nasema nilichokiona kwa macho yangu: lile gari liliondoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kabla ya hapo lilikuwa linajikongoja. Sasa ukikanyaga mafuta linaitika. Basi wale wanaosema kupunguza uzito wa gari ni upuuzi, mimi siko nao.

Siku ya kwenda ilifika, mvua za mwisho mwisho. Nimevaa kitenge changu kizuri, nimekaa mbele. Mjukuu akaenda kufunga nyuma, akarudi dirishani kwangu macho yamemtoka.

"Bibi, hii nini?"

"Vijizawadi."

"Gunia la mchele ni kijizawadi? Nimeng'oa kiti ili gari liwe jepesi, wewe unanipakilia duka? Sukari, chumvi, sabuni, hii nini tena, sufuria?"

"Nimekaa mjini masika yote, nirudi mikono inaning'inia? Watasema nimefukuzwa."

Akaliacha gunia lilivyo, kwa sababu na yeye ni Mluguru. Akabamiza mlango, tukaondoka. Na kumbe ule ulikuwa mwanzo tu. Ukishaanza kupanda mlima unakutana na watu wanaorudi kutoka sokoni, nao ni watu wako. Mtu anakuona, anapiga magoti kukusalimia, unajibu marahaba, mwanangu, hamjambo huko, na nyuma ya gari pako wazi. Unampita? Unampita halafu msibani kwako atakuja nani? Nikawa nasema simama, panda. Simama, panda. Alipanda wifi yangu, mjane wa kaka yangu, na jogoo na furushi la dagaa. Wakapanda wanawake wenye matenga matupu, mwingine ana debe la mafuta. Wanaimba huko nyuma. Mjukuu wangu anaendesha amekaza taya. Tunafika chini ya Shikamoo, gari lina uzito mkubwa kuliko siku lilipokataa.

Liliingia kwenye kona likaguna. Likafika palepale katikati, likatetemeka, likasimama. Mjukuu akashika breki, akapiga kelele wamtilie mawe nyuma ya matairi.

"Shukeni wote! Na mizigo!"

Wifi yangu akashuka na jogoo wake. "Tuliambiwa gari linapanda mlima. Kumbe sisi ndio tunaolipandisha."

"Bibi mdogo, shuka kwanza, utanitukana tukifika."

Tukashuka wote, hata mimi. Nikakaa pembeni juu ya gunia langu la mchele, nikalifunika kwa kitenge, maana gunia lilikuwa langu na watu niliwaita mimi. Mjukuu akakanyaga mafuta. Safari hii injini ilikuwa na nguvu, nilisikia, ililia kwa hasira. Lakini matairi ya nyuma yakawa yanazunguka palepale, yanatupa matope mekundu, gauni la wifi likabadilika rangi. Halafu mkia wa gari ukaanza kucheza kuelekea kwenye korongo. Wanawake wakapiga ukunga. Mjukuu akakanyaga breki, akazima.

Nilimwona mikono iko kwenye usukani na haiondoki. Moyoni nilikwisha kurudi Mwembesongo. Nilikwisha kukiona kile kitanda, na chai, na watu wa tamthilia. Nilimshukuru Mungu kwamba mtoto hakuingia korongoni, na nikajiambia mwanamke mzima, usilie mbele za watu kwa sababu ya kona.

Mjukuu akashuka. Akaenda nyuma ya gari, akalibonyeza kwa mkono mmoja. Likanesa kama kitanda. Akabonyeza tena. Akacheka peke yake, halafu akanigeukia.

"Bibi, njoo."

"Wapi?"

"Huku nyuma. Kaa hapa, juu ya matairi."

"Si ulisema mimi ni mzito?"

"Ndiyo sababu nakuita. Mbele kuna injini, nyuma nimeacha patupu kabisa. Matairi yanayosukuma ni ya nyuma na hayana kinachoyakandamiza. Njoo na gunia lako. Na wifi yako. Wengine hapana!"

Wanawake walicheka hadi wakajishika magoti. Nilipandishwa kama ng'ombe wa mahari, mmoja anavuta, wawili wanasukuma. Wifi akakaa upande wa pili, jogoo katikati, gunia miguuni. Wengine wakatandika majani ya mgomba kwenye matope na kuweka mawe madogo. Mjukuu akawasha. Nikasikia matairi yanauma ardhi chini yangu, kama vile kata inavyokaa kichwani ukipata sehemu yake, na uzito unaacha kukusumbua. Gari likaenda polepole, halikusimama. Sijawahi kujivunia makalio yangu kama siku ile.

Tulitokea juu, wale wenzetu wanatufuata kwa miguu na matenga, vigelegele mlima mzima. Likaenda mpaka mlangoni kwangu. Majani yalikuwa yamefika magotini, nyumba imefungwa, buibui wamehamia. Nikashuka nikaushika mlango kwa viganja viwili.

Simu ya mjukuu ikaita. Mama yake.

"Limefika?"

Nikaichukua simu, nikaielekeza kwa wale wanawake na vigelegele vyao, asikie mwenyewe. Nilipoirudisha sikioni nikamsikia anapenga kamasi. Nilijua kwa nini analia. Mtoto wangu hakuwa anataka kunifunga, alikuwa anaogopa nisije nikaanguka njiani na tenga, yeye asijue.

"Basi, mama," akasema. "Kile chandarua ni chako. Nitakuletea."

Sasa mjukuu wangu anakuja kila siku ya soko, anachukua mboga zangu na za wenzangu, na hakuna mwanamke wa huku anayeteremka Shikamoo na tenga kichwani. Mabinti wa huku watazeeka na shingo zilizonyooka. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, kisha namshukuru yule fundi wangu mwenye mdomo. Keria, ngao na spika hazikurudi garini. Tairi la akiba alilirudisha mwenyewe kesho yake, akalifunga mwisho kabisa nyuma, linakandamiza huku linasubiri pancha. Vijana wenye magari wanamuuliza kama kupunguza uzito kunafaa, naye anawajibu kifundi, maneno mengi. Wakiniuliza mimi nasema kunafaa sana, ila usimshushe bibi.

Kiti aliniletea zawadi. Alisema hakina kazi tena garini na mimi nina baraza lisilo na kiti.

Na wa kwanza kukikalia, baada yangu, ni binti yangu. Alileta chandarua mwenyewe. Nilisikia gari linakuja, kwa mlio nikajua limekaa sawa. Nikatoka kutazama, na huyo mwanangu yuko nyuma, juu ya matairi, ameshikilia chuma kwa mikono miwili, gauni lake la kanisani limejaa matope mekundu mpaka kiunoni.

"Shikamoo mama," akasema, anamkodolea macho mtoto wake. "Amenifanya gunia!"

"Marahaba," nikamwambia. "Shuka, mwanangu, karibu ukae."