Ndala za Fundi Kalamu

Mjomba wangu hakuwahi kuwa fundi umeme hata siku moja. Naliweka hili mbele mapema, maana mtaani kwao ukiuliza nyumba ya fundi umeme utapelekwa kwake mpaka mlangoni. Ukiniuliza mimi, niliyeisomea kazi hiyo miaka mitatu na ninayeifanya mwaka wa tisa sasa, utaambiwa, aa, yule binti, mpwa wa Fundi Kalamu.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya dirisha la wavu katika karakana moja kubwa, akiwapa mafundi koleo, bisibisi na mikanda ya kupandia nguzo asubuhi, na kuvipokea jioni. Akaamini, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba ufundi unaambukiza. Anayempa fundi koleo lake kila siku, alisema, ndiye mkubwa wa fundi. Alipostaafu wenzake walimuaga kwa hotuba tatu na bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Akaichomeka kwenye mfuko wa shati kama karani anavyochomeka kalamu, na jina likazaliwa hapo.

Nisimnyime haki yake. Mjomba ana roho nzuri. Jirani akiita kwamba taa imezimika, yeye huacha sahani yake na kwenda. Humkuti analalamika, humkuti anajivuta. Ila roho nzuri ikishika bisibisi bila elimu, jamani, ni heri uchoyo.

Kitu kingine alichonacho ni ndala. Nene, za mpira, za bluu, soli yake kama tofali. Hazivui. Sebuleni anazo, uani anazo, akipanda kwenye stuli kubadilisha balbu anazo. Sisi wapwa zake tulikuwa tukimtania kwamba alizaliwa nazo. Mwenyewe alisema ana sugu kwenye visigino, nasi tukamwamini, kwa nini mtu asingiziwe visigino vyake?

Elimu yake ya umeme ilikuwa fupi, na alikuwa tayari kuitoa bure kwa yeyote. Nyumba ina waya mbili, alisema. Mmoja ni waya wa moto, unaoleta umeme, huo uuheshimu kama baba mkwe. Wa pili ni nyutro, waya mweusi, unaourudisha umeme ulikotoka ukishamaliza kazi. Na umeme uliomaliza kazi umechoka. Umeshawasha taa, umeshazungusha feni, unarudi kwao umeinamisha kichwa. Je, umewahi kumwona kibarua anayerudi nyumbani jioni akawa na nguvu za kumpiga mtu? Watu wanacheka, wanakubali, wanaondoka na kifo mfukoni.

Sasa nije kwa mkewe, maana habari hii ni yake zaidi. Mkaza mjomba huyu nimemwita Mama tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Kazi yake ni udobi. Anafulia nyumba moja ya wageni, mashuka na vitambaa vya meza, na anafulia uani, juu ya sakafu ya saruji ambayo haikauki kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Na anafua pekupeku. Mwaka fulani aliteleza na ndala kwenye povu akavunjika kifundo cha mkono, tangu siku hiyo hakanyagi saruji ile na kitu chochote mguuni. Vidole vyake, anasema, vinashika kuliko soli.

Watoto wake walioko mbali walichanga wakamletea mashine ya kufulia, ndefu, nyeupe, ya bati. Siku ya kwanza tu mashine ikamtekenya. Akiigusa na mikono mibichi anahisi kama sisimizi wanapanda mpaka kwenye kiwiko. Mjomba akaitwa kutoka kwa kinyozi, kijiweni kwake. Akafungua soketi, akakuta matundu matatu na waya mbili, kwa sababu nyumba ni ya zamani na wakati inajengwa hakuna aliyeweka ethi, ule waya wa tatu unaokwenda ardhini kumlinda mtu. Skrubu ya ethi ilikuwa imekaa pale peke yake, haina waya. Mjomba akaihurumia. Akakata kipande cha waya, urefu wa kidole, akaiunganisha ile skrubu na ya nyutro. Akafunga.

Sisimizi wakaisha. Mkewe akamsifu mbele ya wageni, naye akaenda kusimulia kwa kinyozi mpaka mtu aliyekuwa amenyolewa nusu akaomba amaliziwe.

Mimi nilikiona kile kidole cha waya wiki mbili baadaye. Nikamkalisha mjomba, nikamweleza taratibu. Nyutro ikiwa nzima, hutaona kitu, na hapo ndipo unapodanganyika. Lakini siku nyutro ikikatika huko mbele kabla ya kufika soketi hii, umeme utaingia ndani kwa waya wa moto kama kawaida, utapita kwenye friji na kwenye balbu, utatafuta njia ya kurudi na hautaipata. Utasimama kwenye huo waya mweusi na nguvu zake zote, haujachoka hata kidogo. Kisha utapanda kwenye kidole chako hiki cha waya mpaka kwenye bati la mashine, umsubiri mtu mwenye miguu mibichi. Kila kitu ndani ya nyumba kitakuwa kimezima, na mashine itakuwa inaua.

Mjomba alinisikiliza vizuri. Akauliza, tangu nyumba hii ijengwe, nyutro imewahi kukatika? Nikasema sijui, labda bado. Basi, akasema. Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaomba chai.

Siku moja alipolala mchana nikakitoa kile kidole. Sisimizi wakarudi jioni ile ile, na aliyekwenda kumwamsha akirudishe ni Mama mwenyewe. Nikasema nitakuja kuchimba niweke ethi ya kweli, wiki ijayo. Wiki ijayo nikapata kazi mahali, na ile ya pili nikachoka, na baada ya hapo nikawa nakasirika tu bila kufanya kitu. Hilo najilaumu nalo mpaka leo, maana mjomba hakujua, mimi nilijua.

Mwaka ukapita. Taa zikaanza kupepesa. Pasi ikawa inapata moto inapoa, redio inanong'ona halafu inarudi, na ukipiga ukuta wa sebuleni karibu na meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba nzima, kila kitu kinatulia. Kwangu mimi hiyo ni skrubu iliyolegea inayoungua polepole. Mjomba aliniambia kwa simu nisiwe na wasiwasi, umeme unapumua. Nikamwambia Jumamosi nakuja, nikiwa na ethi yangu au bila, ila asiguse kitu.

Jumamosi asubuhi nikafika na begi langu la kazi. Toka mlangoni nilijua. Friji kimya, feni imesimama, wakati redio ya jirani inaimba upande wa pili wa ukuta. Nikasikia sauti ya mjomba uani, imetulia kama ya daktari.

Mashine ilikuwa imesimama katikati ya kazi, tumbo limejaa vitambaa vya meza na povu, na nyumba ya wageni inavitaka kabla ya chakula cha mchana. Mjomba alikuwa amepima soketi. Tundu la waya wa moto, kitaa kimewaka. Akapima tundu la nyutro, ambalo maisha yake yote halijawahi kuwasha kitu, nalo likawaka. Mtu mwingine angeogopa. Yeye alifikiri kidogo, kisha akatoa hukumu: umeme umezidi. Umeletwa kwa waya zote mbili, sasa unasukumana kama watu wawili kwenye mlango mmoja, hakuna anayepita, ndiyo maana hakuna kinachofanya kazi. Mashine yenyewe kwa sasa, akamwambia mkewe, ni kabati tu. Toa vitambaa, suuza kwa mkono povu lisije likakauka.

Naye akawa anakwenda. Mikono imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, maji yanamtiririka, vidole vya miguu vimeshika saruji. Ilibaki hatua moja.

"Mama, usiguse!"

Alisimama. Akanitazama mimi, akamtazama mumewe. Mjomba akaniomba, kwa upole kabisa, nisiwatishe watu kwenye kazi zao, kitu kisicho na umeme hakimdhuru mtu. Mama akatazama jua limefika wapi. Akasema, bila kunikasirikia, "Mwanangu, fundi ameshasema."

Sijui kama mnaelewa hapo nilikuwa wapi. Meni swichi iko sebuleni, nyuma yangu. Nikikimbilia huko, mkono wake unafika kwenye bati kabla yangu. Nikianza kueleza, nimeshaeleza mwaka mzima. Nikipima bati mbele yao, mjomba atasema si niliwaambia umezidi. Nikajiweka katikati ya Mama na mashine, nikamshika mjomba shati kwa nguvu asije akanitii, nikasema:

"Mjomba, kama ni kabati, vua ndala. Kanyaga maji haya, ufungue wewe."

Redio ya jirani ikaendelea na wimbo wake. Mjomba akatazama mashine, akatazama maji, akatazama miguu yake. Akainua kisigino cha kulia nusu, ndala ikaning'inia kidogo, akakirudisha. Shati lake mkononi mwangu halikuvuta kwenda popote.

"Mimi nina sugu," akasema.

Kisha akasema pia kwamba saruji ni ya baridi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, hilo kila mtu analijua tangu utotoni. Lakini Mama alikuwa haangalii mkuki. Alikuwa anaangalia zile ndala za bluu, soli ya mpira usiopitisha umeme, nene kama tofali, na nadhani alikuwa anazirudisha nyuma, mwaka hadi mwaka, stuli hadi stuli, mpaka siku aliyoolewa. Kisha akaiangalia miguu yake mwenyewe ndani ya maji.

"Mzee," akasema polepole. "Kumbe unajua."

Akarudi kinyumenyume, hatua moja moja, mpaka penye pakavu. Nikaichukua ile kalamu mfukoni mwake, nikasimama penye pakavu na viatu vyangu, nikagusa nayo bati la mashine. Kitaa kikawaka chote. Mwaka wote ule mjomba hakuwahi kupima pale, kwa sababu kabati halipimwi.

Nikaenda kuzima meni swichi, nikachomoa plagi, nikapima tena ndipo nikafungua. Nyutro pale inapotoka kwenye meni swichi kuingia nyumbani ilikuwa imeungua imekuwa mkaa, na waya ulinijia mkononi bila kuvutwa. Nikakata palipoungua, nikafunga upya kwa skrubu mpya. Kile kidole kwenye soketi nikakitoa, safari hii mbele ya macho yao. Mchana kutwa nilichimba, nikazamisha nondo ya ethi, nikavuta waya wa tatu, nikaweka na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja. Vitambaa vilichelewa. Wageni walikula kwenye meza tupu na hakuna aliyekufa.

Kwa kinyozi habari ilifika vingine. Huko inasemekana kwamba Fundi Kalamu aligundua umeme umezidi, akamwita mpwa wake aje amsaidie kuchimba. Nimeiacha ilivyo. Nilimtaka tu asiikaribie nyutro ya mtu mwingine yeyote, akaniahidi, na mpaka sasa jirani akimwita kwa ajili ya taa, mjomba ananipigia simu mimi. Anaanza kwa kusema yeye ameshajua tatizo, ila nije.

Ndani ya nyumba ni tofauti. Ndani Mama amepata msemo, na hauchoki kutumika. Mjomba akisema maziwa haya hayajaharibika, akisema ngazi hii bado imara, akisema mvua haitanyesha, anika tu mashuka, Mama anajibu neno moja: "Vua ndala kwanza." Hapo mjomba huyanusa maziwa upya.

Juzi nilipita asubuhi ya Jumamosi. Mashine ilikuwa imejazwa, haijawashwa. Mjomba alibonyeza kitufe cha kile kifaa kwenye ukuta kama nilivyomfundisha, umeme ukakatika, akaurudisha. Ilitosha. Nilishamwambia mara kumi kwamba inatosha. Lakini akatoka uani, akavua ndala zake za bluu, akazipanga pembeni, akaingia kwenye maji na miguu yake myeupe laini isiyo na sugu hata moja, akaweka kiganja juu ya bati. Hufanya hivyo kila Jumamosi, na hakuna aliyemtuma.

Nikamwambia Mama kwamba umeme haupimwi hivyo, ni ujinga. Akaniashiria ninyamaze. Mjomba alikuwa ameutazama ukuta, mkono juu ya mashine, anahesabu kimoyomoyo. Mama alikuwa hautazami ule mkono. Alikuwa anatazama miguu.