Dakika Kumi za Kunyamaza

Siku ile bado ninaikumbuka, mwanangu, na kila nikikuona umejifunga kamba kiunoni tayari kupanda mlingoti wa antena, inanirudia yote. Hebu kaa hapa kwanza. Mvua yenyewe haijaamua kama inakuja.

Nilikuwa kijana wa umri wako, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Aliyenifundisha kazi hii ni Bwana Kirpal, Kalasinga mzaliwa wa hapa Kisumu ambaye Kijaluo chake kilituaibisha wengi. Ndiye aliyenionyesha kuongea na watu wa mbali kwa redio, kwa mapenzi tu, bila mshahara. Wiki hiyo upepo wa ziwani ulikuwa umeing'oa antena yake. Nilipanda kuirudisha mvua ikinipiga usoni, yeye akiwa chini ameshika ngazi, tunalowa pamoja. Aliniagiza nikishakaza kiungo cha waya nikizungushie utepe wa mpira mara tatu, maji yasipate pa kupenya. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilizungusha mara moja, nikapaza sauti kwamba tayari. Tulipowasha redio tuliwasikia watu wa Awasi vizuri kabisa, nami nikajipongeza kimoyomoyo.

Siku mbili baadaye mto Nyando ulivunja kingo. Alasiri, mwalimu mmoja wa Ahero, mwenzetu wa redio, alituita kutoka ghorofa ya shule yake, iliyojaa watu waliokimbia maji. Mmoja wao, mama kwa jina Achieng, uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika, na kilio chake tulikisikia nyuma ya sauti ya mwalimu. Tulipiga simu bandarini, na boti ya injini ilikuwa imekwisha kupakiwa kwenye lori, iko njiani. Kilichobaki ni kumwambia mwalimu asubiri. Tulimwambia, tukarudia, wapi. Sisi tulimsikia, yeye hakutusikia.

"Kisumu, sijui kama mko," akasema. "Nangoja robo saa. Nikikosa jibu, tunamlaza mama juu ya mlango tunamvusha."

Uliwahi kuona mkondo wa Nyando ukifurika? Mlango wa darasa hauendi popote pale, ila chini.

Bwana Kirpal aliifungua redio, akaanza kupima kipande kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimeshajua. Kiungo kikiingia maji, antena inaweza kuendelea kusikia huku sauti yako haitoki. Nilijua, nikamshikia tochi, nikanyamaza. Niliona haya kuonekana ovyo mbele ya mtu aliyeniamini. Kwa dakika kumi nzima nilimwangalia akitafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo.

Achieng alipolia tena, nikashindwa kuvumilia. Nilisema ukweli, nikaomba nipande wakati huohuo. Radi ilikuwa inapiga juu ya ziwa, akanikatalia. Hakunifokea. Alichomoa waya wa antena, akakata waya mwingine mrefu uwe antena ya muda, tukaupitisha dirishani hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Ilichukua dakika tano tu. Akaiita Ahero.

Mwalimu alijibu akihema. Mlango ulikuwa umeshawekwa majini na Achieng ameulalia, wanaume wanne wameushika. Wakamrudisha juu. Boti ikafika, na mtoto akazaliwa salama jioni ileile.

Nilidhani yamekwisha. Bwana Kirpal alizima redio, akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko kofi.

"Omondi, ule utepe nimekusamehe, mvua ilikuwa kali," akasema. "Zile dakika kumi si zangu. Kamwombe yule mama."

Nilikwenda maji yalipopungua. Nilimkuta Achieng anaanua nguo, mtoto yuko mgongoni. Nilimweleza yote bila kujipunguzia, nikingoja anifukuze. Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Kumbe siku hiyo mlikuwa mnanisikia nikilia?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi nilidhani hakuna mtu," akasema, akaendelea kuanua nguo zake.

Nililia njia nzima hadi Kisumu, mwanangu, na sioni aibu kukuambia.

Basi nisikilize. Utakosea, maana baridi itakushika vidole na haraka itakushika akili, na hakuna fundi asiyekosea. Ukikosea, sema palepale, hata kama wanaokuheshimu wanakutazama. Aibu ya kusema hupita kabla chai haijapoa. Ukinyamaza, kuna mtu mahali fulani anaulipia ukimya wako, na huyo mtu hata jina lako halijui.

Haya, nenda. Mungu akutunze huko juu, akupe mikono imara na ulimi usioogopa kusema nimekosea. Na asiwepo mtu atakayekuita akiwa taabuni, ukamsikia, yeye akabaki akidhani yuko peke yake.