Kidole cha Zuberi

Somoe wa Nanyamba haombwi mara mbili kucheza ngoma, na ndivyo simu yake ilivyobaki Msumbiji. Alivuka Ruvuma kwenda kumwoza mpwa wake, akaifunga simu kwenye pindo la kanga, na ngoma ilipokolea akasahau kama ana pindo. Alipokumbuka, lilikuwa tupu, na uwanja mzima umekwisha kanyagwa. Angelia? Thubutu! Alikula pilau lake, akaaga, akarudi kwao Alhamisi.

"Simu kitu gani?" aliwaambia wenyeji wake wakati wa kuaga. "Namba ndiyo mali."

Hapo hakutania. Binti yake, Farida, anafanya kazi za ndani Maskati, na simu yake mabosi wameifungia kabatini. Kila Ijumaa wakienda msikitini huazima simu ya mfanyakazi wa jirani na kupiga namba pekee anayoijua kwa kichwa, ya mama yake. Wiki iliyopita alisema mabosi wanahamia mji mwingine, na kwamba Ijumaa hii angemwambia mama ni wapi. Asipompata, basi. Somoe asingejua hata mwanawe yuko mji gani.

Kwa hiyo Ijumaa alfajiri akashika njia ya Mtwara mjini, simu mpya ya kitochi mkobani, akawa wa kwanza kwenye duka la laini. Doris, binti wa bara anayehudumia pale, alibofya, akasoma, akakunja uso.

"Mama, laini hii si yako. Imesajiliwa kwa jina la Zuberi."

Somoe akacheka hadi mlinzi akachungulia. Alikuwa amesahau kabisa! Miaka ile ya kusajili laini kwa alama za vidole, vyake vilikuwa vimelika kwa mafuta ya maganda ya korosho anazobangua, mashine ikavikataa vyote kumi. Zuberi, mumewe wakati huo, akasema, "Weka changu, kwani sisi si kitu kimoja?" Baadaye wakaachana, wakagawana mpaka vijiko. Kidole hakuna aliyekikumbuka.

Mwingine angekaa chini akalia. Somoe alipanda bodaboda hadi Naliendele, Zuberi anakotengeneza baiskeli.

"Baba Farida, nawa mikono," alisema kabla ya salamu. "Nimekuja kuazima kidole."

Zuberi alimsikiliza hadi mwisho, akanawa kwa sabuni ya unga, akapanda nyuma ya bodaboda. Watu wa Naliendele wakapata la kuzungumza wiki nzima.

Mashine ikamsoma mara moja.

"Mzee, namba nimrudishie mama?" Doris aliuliza.

"Mrudishie. Ni yake."

Wakati wanasubiri mtandao ushike, Zuberi aliuliza kwa sauti ya chini, "Hupiga lini?"

"Leo. Wakati wowote kuanzia sasa."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka nje. Siku Farida anaondoka, baba huyuhuyu alimwambia, "Ukipanda ndege hiyo, huna baba," na binti akalichukua neno hilo kama lilivyo. Tangu hapo Zuberi hajamtaja mbele ya mtu, maana jeuri anayo, jamani, ya kujaza ghala. Sasa alikuwa ameinama kwenye baiskeli ya mtu asiyemjua, akikagua mnyororo usio na kasoro, na sikio amelielekeza mlangoni. Somoe alimwona, na roho ikamuuma. Alidhani alikwisha maliza kumhurumia mwanamume yule.

Kitochi kikaita.

"Mama! Tunahamia Salala kesho. Andika namba hii, ya mpishi wa huko."

Somoe aliitaja tarakimu moja moja, Doris akaiandika na kuirudia. Ikawa sawa. Somoe akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Msumbiji.

"Haya mama, nakata, simu ya watu hii."

"Usikate! Mwenye laini yuko hapa."

"Mwenye laini nani tena?"

Somoe alikwisha fika nje. Akamsukumia Zuberi simu kifuani, naye akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akafungua kinywa. Jeuri yote ile, na neno moja halikutoka. Alihema tu kwenye simu.

Upande wa pili sauti ikasema, taratibu, "Shikamoo, baba."